Mrudiaji wa Kituo Namba Moja

Katika nchi yetu, ambayo siitaji jina kwa sababu kuitaja kunahitaji kibali na dirisha la vibali limefungwa kwa chakula cha mchana tangu mwaka juzi, magari yote hukaguliwa. Ni jambo la kujivunia, nami najivunia. Kila gari, liwe la mkubwa au la muuza nyanya, hufika mara moja kwa mwaka kwenye Kituo cha Ukaguzi Namba Moja, huwekwa juu ya shimo, hutazamwa kuanzia tairi hadi paa, kisha hubandikwa stika ya kijani kwenye kioo. Kituo Namba Mbili hakipo. Hiki kiliitwa Namba Moja ili tuwe na matumaini.

Mimi nilikuwa karani wa kituo hicho. Jina langu Ngwali. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye daftari kubwa kila kilichosemwa na saa kilipotamkwa, na bila kujisifu nasema kwamba saa yangu ya mkononi haijawahi kukosea hata dakika moja. Naomba msomaji aikumbuke saa hiyo.

Zamani ukaguzi ulifanywa na wanaume peke yao, na ulikuwa wa haraka ajabu. Mkaguzi aliipiga tairi teke, akabonyeza honi, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo zito, na gari likapata stika. Magari yenye honi nzuri yalisifiwa sana miaka ile. Baadhi yake yaliishia mtoni, maana mji wetu umejengwa kileleni na njia ya kushukia ni moja tu, Mteremko wa Kengele, wenye kona tatu na mto kando yake. Lakini hata yalipokuwa mtoni honi zilisikika vizuri, kwa hiyo wakaguzi hawakulaumiwa.

Ndipo Wizara ikatangaza mtihani wa taifa wa ufundi wa magari. Karatasi zilisahihishwa kwa namba bila majina, kwa haki kabisa. Mtahiniwa namba 417 alipata alama ambazo msahihishaji alidhani amekosea kujumlisha, akajumlisha tena mara tatu. Barua ya ajira ikaandikwa, ikatiwa saini na wakubwa watatu, ikagongwa mihuri mitatu. Mambo yote yalipokwisha ndipo mtahiniwa akaitwa, naye akaja, mwanamke, amevaa ovaroli na kilemba kichwani. Aliitwa Siwema Kaluse.

Wakubwa walikaa kikao siku mbili. Barua yenye mihuri mitatu haifutiki kwetu, kwa hiyo hawakuweza kumrudisha nyumbani. Badala yake walitunga Kanuni ya Kumi na Nne, ambayo naijua kwa moyo: kasoro ya gari ikitajwa kwa sauti ya kiume ni taarifa, nayo itaandikwa; ikitajwa kwa sauti ya kike ni maoni, nayo hayataandikwa. Kisha, ili kazi isisimame, wakaajiri Mrudiaji.

*

Mrudiaji wetu alikuwa Bwana Sudi Mkwiche, ambaye kabla ya hapo alikuwa mnadi kwenye mnada wa ng'ombe. Kuhusu magari alijua kwamba yana mlango. Lakini sauti alikuwa nayo, nene, ya kutoka tumboni. Akikuamkia asubuhi, vikombe vya chai vinagongana. Utaratibu ulikuwa rahisi. Fundi Siwema huingia shimoni, hugonga, hupapasa, hunusa, kisha husema, tuseme, kwamba tairi la kushoto limekwisha. Bwana Sudi, ambaye amekaa juu kwenye kiti chenye mto, hurudia maneno hayo hayo. Nami naandika: Mkwiche kagundua tairi la kushoto limekwisha, saa nne na dakika kumi.

Kwa miaka minne hakuna gari hata moja lililoingia mtoni. Bwana Sudi akapewa Nishani ya Ugunduzi wa Kasoro, daraja la kwanza. Alipelekwa nje ya nchi kutoa mada kuhusu mifumo ya breki, na akaisoma vizuri mno, kwa kuwa Fundi Siwema alikuwa ameiandika kwa herufi kubwa. Madereva walioleta magari walimkuta Fundi amesimama mlangoni, spana mkononi, grisi hadi kwenye viwiko, wakamuuliza fundi yuko wapi. Yeye aliwaonyesha kile kiti chenye mto. Wengine walimwagiza chai.

Siku moja nilimuuliza kama mambo hayo hayamuumi. Alinijibu kwamba yanamuuma kila siku ya Mungu, ila magari yanafika salama, na kwa sasa ameamua kushikilia hilo. Nikaona kwamba ameridhika. Mimi ni mwepesi sana wa kuona kwamba watu wameridhika.

*

Stika ya kijani ilipotimiza miaka kumi, sherehe ikatangazwa. Aliyeitangaza ni Mkurugenzi Mkuu wa Usalama wa Magurudumu, Mheshimiwa Daktari Injinia Tengo Lubasha, ambaye udaktari aliupata kwa barua na uinjinia alitunukiwa siku ya harusi yake. Mpango ulikuwa huu: basi jipya la taifa, yaani lile la zamani lililopakwa rangi upya, lingekaguliwa mbele ya wageni, lingebandikwa stika ya dhahabu, na saa tatu na robo kamili lingeteremka Mteremko wa Kengele hadi uwanjani, ambako Waziri angelipokea chini ya tao lenye picha kubwa ya Mheshimiwa. Ndani yake lingebeba Kwaya ya Wake wa Watumishi. Walikuwa wanawake thelathini na wanane. Mmoja wao alikuwa mke wangu, Zawena, mama wa binti yetu Tunu. Aliimba sauti ya pili, na alikuwa amekaa dirishani.

Mheshimiwa aliona kwamba ukaguzi utapendeza zaidi kwaya ikiwa imeshapanda na inaimba. Kwa hiyo wakapanda saa mbili na nusu, wakaanza kuimba, na Fundi Siwema akashuka shimoni.

Saa mbili na dakika arobaini na moja, sauti yake ilitoka chini.

"Paipu ya breki za nyuma imepasuka. Mtu ameifunga kwa mpira wa baiskeli, na mafuta yanavuja. Likishika mteremko halitasimama. Washusheni watu."

Aliyasema polepole, kwa kawaida yake, akimwachia Bwana Sudi nafasi. Bwana Sudi akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa upepo.

Alikuwa ameteuliwa pia kusoma hotuba ya kumkaribisha Waziri, na kwa siku tatu mfululizo alifanya mazoezi uwanjani bila kipaza sauti, ili asikike hadi ng'ambo ya mto. Alisikika. Sauti ikabaki huko. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka, machozi yakamlengalenga, na midomo yake ikachora neno breki bila kulitoa.

Nilikuwa nimeweka kalamu juu ya karatasi, tayari. Mheshimiwa akaniuliza kama kuna kasoro yoyote iliyoripotiwa. Nilitazama daftari. Nikamjibu kwamba hadi sasa hakuna, na kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne jibu langu lilikuwa la kweli tupu.

*

Ikaletwa tangawizi. Ikaletwa asali na limau. Afisa mmoja akasema yai bichi ndilo dawa, likaletwa, Bwana Sudi akalimeza amefumba macho, sauti isije. Saa ikawa mbili na dakika hamsini na tano. Kwaya ilikuwa imefika wimbo wa nne, ule wa kuishukuru stika.

Fundi Siwema akapanda kutoka shimoni. Mikono yake ilikuwa inachuruzika mafuta ya breki. Akaenda hadi mbele ya Mheshimiwa, akainyoosha aione. Mheshimiwa aliitazama kwa upole wa mtu aliyesoma. Akasema mafuta anayaona, yeye si kipofu, lakini mafuta hayo bado hayajasemwa. Akaongeza kwamba Kanuni ya Kumi na Tano iko wazi: gari ambalo halikutolewa taarifa hadi saa ya kuondoka limefaulu. Kisha, kwa vile wageni walikuwa wameanza kunong'ona, alipanda jukwaani na kuwatuliza.

"Ndugu wananchi," alisema, "mwanamke ni breki ya taifa. Akikosekana, tunapotea. Lakini nawauliza, ni nani kati yenu aliyewahi kuona breki ikijikagua yenyewe?"

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa mkono mmoja juu ya daftari, maana mwingine ulikuwa na kalamu.

Makofi yalipokwisha nikamkuta Fundi amesimama mbele ya meza yangu. Hakuwa amekasirika. Ningefurahi angekasirika.

"Karani," alisema, "wewe una sauti. Na mkeo yumo humo."

Nilimweleza kwamba karani haruhusiwi kuandika kauli yake mwenyewe, na kwamba sikuwa nimeteuliwa kuwa Mrudiaji. Nilimweleza kwa adabu zote. Sikumweleza kwamba nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja kupandishwa cheo niwe Karani Mwandamizi, ambaye naye hupewa kiti chenye mto. Niliogopa, ndio ukweli wenyewe.  Lakini hati yangu ya siku hiyo ni nzuri kuliko ya siku zote.

Fundi alinitazama kidogo, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akarudi kwenye basi. Hakuingia shimoni. Alilala chali chini ya basi, kwenye sakafu yenyewe, mbele ya magurudumu ya nyuma, miguu yake ikabaki inachungulia nje. Kutoka huko chini alitukumbusha Kanuni ya Tatu, ya tangu enzi za wale waliopiga teke tairi: gari haliondoki mkaguzi akiwa chini yake.

*

Maofisa wakakusanyika. Ilikuwa saa tatu na dakika tano. Jambo lilikuwa gumu, kwa sababu Kanuni ya Tatu haijawahi kufutwa, na wageni waliiona ile miguu. Walijadiliana wakipokezana vitabu vya sheria. Mmoja alipendekeza miguu ifunikwe kwa bendera ndogo. Mheshimiwa akawanyamazisha wote kwa kidole.

"Mkaguzi kwa mujibu wa sheria ni Bwana Mkwiche," alisema. "Bwana Mkwiche yuko hapa, anakunywa tangawizi. Kwa hiyo chini ya basi hakuna mkaguzi."

Yule afisa wa bendera akauliza, kwa heshima, sasa kule chini kuna nini.

"Maoni," alijibu Mheshimiwa. "Na maoni hayazuii gari."

Wakapumua. Nikaamriwa niandike, nikaandika: saa tatu na dakika tisa, chini ya basi hakuna mtu. Nikapiga mstari.

Dereva alikuwa Lugano, mtu mzima, mkimya, aliyeendesha basi hilo miaka sita. Alitoa kichwa dirishani, akauliza kwa sauti ndogo kama Fundi bado yupo. Akajibiwa kutoka chini, "Nipo, kaka Lugano." Mheshimiwa akamkanya asizungumze na uvungu wa gari la serikali, akamwamuru awashe. Lugano akawasha. Basi zima likatetemeka, na ile miguu ikatetemeka pamoja nalo, lakini haikuondoka.

Saa tatu na dakika kumi na mbili, Zawena akainama dirishani. Wenzake walikuwa bado wanaimba. Yeye alikuwa amenyamaza.

"Baba Tunu," aliniita, "mbona kuna miguu ya mtu chini ya gari?"

Niliitazama miguu. Nililitazama daftari, ambalo kwa hati yangu nzuri lilisema hakuna mtu. Nilimtazama mke wangu, kitambaa cha kwaya kimemkaa vizuri kichwani, jasho likimtoka juu ya mdomo kama limtokavyo akiwa na wasiwasi. Nikamwambia aendelee kuimba.

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale. Nalisema hivyo hivyo, bila mapambo, kwa sababu sikuliandika mahali pengine popote.

Saa tatu na dakika kumi na nne, Mheshimiwa akainua bendera. Bwana Sudi alikuwa amemshika mkono kwa nyuma, akivuta koti lake, akichora na midomo yake breki, breki, breki, na Mheshimiwa akampapasa bega akimwambia apumzishe koo. Lugano akaingiza gia. Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule, na mguu wake ulikuwa juu ya klachi.

Saa tatu na robo. Bendera ikashuka, na mimi nikapiga kelele.

Sikukusudia. Kinywa kilifunguka chenyewe, nikasikia mtu anapayuka kwamba breki hazipo, shukeni, jamani shukeni, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya juu, inakatikakatika kwa hofu. Wageni wote wakageuka. Mheshimiwa akanigeukia taratibu, akanisikiliza hadi mwisho, akatabasamu. Kisha akatoa uamuzi: sauti iliyosikika ni ya kike. Kwa hiyo yaliyosemwa ni maoni. Yasiandikwe.

Lakini Zawena aliijua sauti ile. Katika ndoa yetu nimewahi kuitoa mara moja tu, siku moto wa jiko uliposhika pazia na Tunu amelala ndani. Hakuuliza ni ya kike au ya kiume. Alinyanyuka kwenye kiti, akamshika mkono aliyekaa kando yake, akashuka. Wa pili akashuka, wa tatu, wakawa wanashuka wote bila kusukumana, huku Lugano ameng'ang'ania klachi na breki ya mkono. Fundi Siwema alikuwa anahesabu viatu kutoka chini. Jozi ya thelathini na nane ilipogusa sakafu ndipo miguu yake ilipojivuta ndani, akatambaa, akatokea upande wa pili, akamwambia Lugano naye ashuke.

Lugano hakuhitaji Mrudiaji. Aliruka. Basi likabaki peke yake na breki yake ya mkono, likafikiri kidogo, kisha likaondoka. Lilishika mteremko, likapita kona ya kwanza likipiga honi, ya pili likapita limeegemea upande, ya tatu halikupita vizuri, na likaenda kujikita kwenye tao, katikati ya uso wa Mheshimiwa.

Hakuna aliyeumia. Waziri alikuwa amechelewa.

*

Tume iliundwa, ikafanya kazi haraka na kwa uadilifu. Ushahidi wake mkuu ulikuwa daftari langu. Daftari lilionyesha kwamba basi halikuwa na kasoro yoyote, na kwamba chini yake hapakuwa na mtu. Kwa hiyo Tume iligundua kwamba kasoro ni ya mteremko. Bwana Sudi, aliyekuwa amepona, alipelekwa kuukagua, akasimama juu yake na kutangaza kwa sauti nene kwamba unateremka. Ikaandikwa. Mteremko ukapewa notisi ya siku tisini ujirekebishe.

Mimi nilipandishwa cheo, kwa hati nzuri. Kiti kina mto wa kijani. Fundi Siwema hakufukuzwa, kwa ajili ya ile mihuri mitatu; aliteuliwa kuwa Msimamizi Mkuu wa Vikombe. Alisoma barua ya uteuzi, akaikunja, akachukua spana zake, akaondoka. Akafungua karakana ya mabati chini ya Mteremko wa Kengele, pale pale lilipokuwa tao. Siku hizi madereva hupita kwake kwanza kutengenezewa magari, ndipo hupanda kwetu kuchukua stika. Dereva wa Mheshimiwa pia hupita, kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani, Zawena hakugombana nami. Aliniomba tu nimletee daftari. Nililibeba kwa furaha kidogo, maana hajawahi kuona kazi yangu. Alifunua ukurasa wa siku ile, akausoma wote, kisha akaniuliza Fundi alisema kwa mara ya kwanza saa ngapi, kwa kuwa hilo halijaandikwa. Mimi sijui kudanganya kuhusu saa. Nikamwambia saa mbili na dakika arobaini na moja. Akaniuliza mimi nilipiga kelele saa ngapi. Nikamwambia saa tatu na robo. Akahesabu kwa vidole.

"Dakika thelathini na nne, Baba Tunu," alisema.

Nilimweleza utaratibu. Nilimweleza Kanuni ya Kumi na Nne na ya Kumi na Tano. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akafunga daftari, akanirudishia. Asubuhi yake alivaa suruali yangu ya zamani, akateremka kwa Fundi Siwema kujifunza breki. Tangu hapo hajanisemesha. Chakula napikiwa, nguo nafuliwa na Tunu anasomeshwa. Neno tu ndilo sipewi.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilichukua baiskeli yangu, ambayo haina tatizo, nikateremka nayo hadi karakanani. Fundi Siwema alikuwa amesimama anapanga spana. Chini ya lori dogo nikaona miguu imechungulia, na ile suruali yangu. Nikasimama mbele ya miguu hiyo. Nikasema nilichokwenda kusema: kwamba nilisikia tangu mwanzo, kwamba niliogopa kupoteza kiti, kwamba nilimwambia aimbe, na kwamba naomba anisamehe. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ya kiume, ambayo huandikika.

Miguu haikusogea. Kisha sauti ya Zawena ikatoka chini ya lori.

"Fundi, kuna mtu amesema kitu?"

Fundi Siwema akaweka spana chini. Akanitazama, kisha akarudia maneno yangu yote, neno kwa neno, hakuruka hata moja: nilisikia tangu mwanzo, niliogopa kupoteza kiti, nilimwambia aimbe, naomba anisamehe. Kwa sauti yake yalikuwa mabaya zaidi kuliko kwa yangu.

"Sasa nimesikia," alisema Zawena. Nikasikia anakaza nati, akaikaza tena, bila haraka. "Mwambie akae pale asubiri dakika thelathini na nne."

Fundi akaniambia. Nikakaa juu ya tairi kuukuu, baiskeli nimeiegemeza magotini, nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa tisa na dakika mbili.